Fomula ya umbali inawapoteza wanafunzi wa fizikia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie mada moja ya fizikia ya kidato cha tano ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuielewa, nayo ni mwendo wa kitu kilichorushwa. Nawalenga walimu wenzangu, vijana wanaojisomea nyumbani, na wazazi wanaolipia tuisheni. Kwenye tuisheni nyingi mada hii hufundishwa kwa fomula tatu ubaoni: ya muda wa kukaa hewani, ya kimo cha juu kabisa, na ya umbali wa kutua. Mwanafunzi hupewa swali, hutafuta fomula inayofanana nalo, hupachika namba na kupata jibu. Swali likigeuzwa kidogo anapotea, na mara nyingi hata hajui kama amepotea, kwa sababu kikokotoo kimempa namba inayoelekea kuwa ya kweli.

Chukua swali la kawaida kabisa. Jiwe linarushwa kutoka juu ya jengo la mita 20, kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, likielekezwa nyuzi 30 juu ya mlalo. Litatua umbali gani kutoka chini ya jengo? Aliyekariri ataandika R = u² sin 2θ / g, ambapo R ni umbali, u ni kasi ya kurushia, θ ni pembe na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka hubadilika kila sekunde. Ataweka 15, 60 (mara mbili ya 30) na 9.8, naye atapata mita 19.9. Jibu sahihi ni mita 38. Amekosea karibu nusu nzima! Fomula yenyewe haina kasoro, ila ina sharti: kitu kitue kwenye usawa uleule kiliporushwa. Jiwe letu linatua mita 20 chini ya mkono uliolirusha, kwa hiyo fomula hiyo haina kazi hapa. Tatizo ni kwamba sharti hilo aghalabu halitajwi ubaoni, na likitajwa haliandikwi kwenye daftari.

Njia salama ni ndefu kwa mistari miwili tu. Gawa kasi ya kurushia: sehemu ya mlalo ni 15 kos 30, yaani 13.0, na sehemu ya wima ni 15 sin 30, yaani 7.5. Amua juu ni chanya, kisha andika mwendo wa wima peke yake, t ikiwa muda na 4.9 ikiwa nusu ya g: −20 = 7.5t − 4.9t². Hii ni hesabu ya kipeo cha pili (kwadratiki) ambayo mwanafunzi ameifanya tangu sekondari ya chini. Inatoa t = 2.93 na t = −1.40. Zidisha 13.0 kwa 2.93 upate mita 38.

Ile −1.40 wanafunzi huifuta kwa kalamu bila kuiuliza chochote, na walimu tunawaachia. Ina maana yake. Inasema kwamba kama jiwe lingekuwa limeanzia ardhini na kupita pale juu ya jengo kwa kasi na mwelekeo uleule, lingekuwa limeondoka ardhini sekunde 1.4 kabla. Hesabu haijui kwamba kulikuwa na jengo na mtu juu yake. Inajua parabola nzima, yaani njia yote ya upinde ya kitu kilichorushwa, nayo inagusa ardhi mara mbili. Mwanafunzi akielewa jambo hilo dogo, hataogopa tena jibu lenye alama ya kutoa.

Sasa, kwa nini tunaruhusiwa kugawa mwendo mmoja kuwa miwili? Hapa ndipo ningetaka vipindi viwili vya mwanzo viishie, kabla ya fomula yoyote. Jiwe likishatoka mkononi, ukiacha hewa, kani inayolikabili ni moja tu: uzito wake, nao unavuta wima kwenda chini. Kwa upande wa mlalo hakuna kinachosukuma wala kinachozuia, hivyo kasi ya mlalo inabaki ileile tangu kurushwa hadi kutua. Kwa upande wa wima kasi inabadilika kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, jiwe likipanda, likiwa kileleni na likishuka. Miendo hiyo miwili haiingiliani. Kinachoiunganisha ni muda peke yake: sekunde zilizopita kwenye wima ndizo hizohizo zilizopita kwenye mlalo. Mwanafunzi achore safu mbili kwenye karatasi, moja ya mlalo na moja ya wima, aandike katika kila safu anachokijua, na t ikae katikati. Asichanganye kamwe namba ya safu moja na ya nyingine. Ukimwona ameweka 15 kwenye hesabu ya wima badala ya 7.5, ujue ameruka hatua hii.

Kikwazo kikubwa ni imani ambayo kila mtoto huja nayo darasani, kwamba mkono umeliwekea jiwe kani ya kwenda mbele, na kani hiyo inaisha polepole hadi jiwe linaanguka. Waambie wachore kani zilizopo kwenye mpira ulio njiani kupanda. Wengi watachora mshale wa kuelekea unakokwenda. Wasichekwe. Wasomi wa Ulaya waliamini jambo la namna hiyo kwa karne nyingi, na wengine walichora risasi ya mzinga ikienda moja kwa moja kisha ikidondoka. Mwanahisabati wa Italia Niccolò Tartaglia alikwisha kuandika mwaka 1537 kwamba nyuzi 45 ndizo zinazoipeleka risasi mbali zaidi, lakini ilibidi kungoja hadi 1638 ndipo Galileo achapishe uthibitisho kwamba njia yenyewe ni parabola, akianzia palepale kwenye miendo miwili isiyoingiliana. Kani ni kitu kinachotoka kwa kitu kingine kinachogusa au kuvuta. Muulize mwanafunzi: mshale huu wa mbele, nani anausukuma sasa hivi? Akikosa wa kumtaja, aufute.

Kutoka imani hiyo huzaliwa makosa mawili ya mtihani. La kwanza ni kusema kasi kileleni ni sifuri. Iliyo sifuri ni ya wima tu. Ya mlalo ipo kama ilivyokuwa. La pili ni kusema mchapuko kileleni ni sifuri. Ungekuwa sifuri, mpira uliorushwa wima ungebaki umening'inia hewani.

Haya yote yanaweza kuonyeshwa bila maabara ya gharama. Kwa dakika tano za mwanzo zinatosha sarafu mbili na rula. Weka sarafu moja ukingoni mwa meza, nyingine juu ya ncha ya rula inayotokeza nje ya meza. Piga rula kwa upande kwa haraka, ili sarafu ya mezani iruke mbele na ile ya kwenye rula idondoke wima. Darasa lifumbe macho na kusikiliza. Mlio unakuwa mmoja. Rudia ukipiga kwa nguvu zaidi: sarafu ya kwanza inatua mbali zaidi, na mlio bado ni mmoja.

Jaribio linalostahili kipindi kizima ni la goroli na meza. Tafuta goroli ya chuma ya beringi, yenye kipenyo cha milimita 12 hadi 16. Mafundi wa magari huwa nazo kwenye beringi zilizokufa. Tafuta bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, la milimita 25, ulipasue kwa urefu upate mfereji. Upande mmoja uinuliwe kwa vitabu au kipande cha mbao, na upande wa pili, sentimita 10 za mwisho, ulale kabisa juu ya meza na kuishia ukingoni. Funga kwa gundi ya karatasi usitikisike. Sakafuni weka karatasi nyeupe, juu yake karatasi ya kaboni, upande wa wino ukitazama chini. Ning'iniza timazi, hata uzi wenye nati unatosha, kutoka mwisho wa mfereji, na utie alama inapogusa sakafu. Umbali unapimwa kutoka alama hiyo, wala si kutoka mguu wa meza, kwa kuwa meza nyingi zina uso unaotokeza nje ya miguu. Kimo kinapimwa kutoka chini ya goroli ikiwa ukingoni hadi sakafuni.

Tuseme kimo ni mita 0.80. Muda wa kuanguka ni kipeuo cha pili cha (2 × 0.80 / 9.8), yaani sekunde 0.404. Nasisitiza muda huu ukokotolewe kutoka kwenye kimo, usipimwe kwa saa. Kidole cha mtu huchelewa kama sekunde 0.2 kuitikia anachokiona, na kuchelewa huko ni nusu ya muda wote wa goroli hewani. Shule zinazopima kwa saa ya mkononi zinapima vidole vya wanafunzi. Achia goroli mara kadhaa kutoka alama ileile ya mfereji, bila kuisukuma. Izuie kwa rula kisha uinue rula ghafla. Nukta za kaboni zitakaa pamoja. Chukua katikati yake, ugawe umbali kwa 0.404, na hiyo ndiyo kasi ya goroli ikitoka mezani.

Hapo ndipo darasa linapata funzo ambalo hakuna fomula ya ubaoni ingelitoa. Wape wanafunzi kazi ya kutabiri kasi hiyo kabla, kwa njia ya nishati: goroli imeshuka sentimita 15 za wima ndani ya mfereji, hivyo nishati ya kimo iliyopotea, mgh, ni sawa na nishati ya mwendo iliyopatikana, ½mv² (m ni uzani wa goroli, h ni kimo iliposhuka, v ni kasi). Watapata mita 1.71 kwa sekunde, na watasema goroli itatua sentimita 69 kutoka kwenye timazi. Itatua kwenye 57 hivi. Watalaumu msuguano, na baadhi ya walimu watakubali yaishe. Msuguano ni sehemu ndogo tu ya pengo hilo. Goroli haitelezi, inabingirika, na tufe gumu linalobingirika huweka sehemu mbili kati ya saba za nishati yake kwenye mzunguko wake lenyewe. Zinazobaki kwa ajili ya kwenda mbele ni tano kati ya saba. Fanya hesabu upya na utapata mita 1.45 kwa sekunde, na umbali wa sentimita 58.5. Tofauti iliyobaki, sentimita moja au mbili, hiyo ndiyo ya msuguano na ya mfereji usionyooka vizuri.

Mwenye wanafunzi wepesi awaulize pia swali hili: goroli ileile, meza ileile, mfereji uleule, vikipelekwa mwezini, itatua wapi? Ukiunganisha hesabu zote mbili, g inajifuta. Umbali mraba ni sawa na 20/7 mara kimo ilichoshuka goroli ndani ya mfereji mara kimo cha meza. Inatua palepale. Huko ingetembea polepole na kuanguka polepole kwa kiwango kinachofidiana. Kwa sababu hiyohiyo, jaribio hili haliwezi kukupa thamani ya g, hata kama karatasi ya maelekezo inasema hivyo, isipokuwa kasi ya kutokea ipimwe kwa njia nyingine.

Kinachoharibu jaribio mara nyingi ni mwisho wa mfereji kutokulala sawasawa. Ukiinuka nyuzi 2 tu, goroli inatoka ikiwa imerushwa juu kidogo, na inatua karibu milimita 7 mbele zaidi. Pima maji ya fundi itasaidia, lakini hata goroli yenyewe inatosha: iweke kwenye zile sentimita 10 za mwisho, na kama inabaki ilipo bila kuelekea upande wowote, mfereji umelala. Kosa la pili ni kutumia mpira wa mezani au karatasi iliyofinyangwa badala ya chuma. Kwa goroli ya chuma kwenye kasi hii ukinzani wa hewa haufiki hata sehemu moja ya elfu ya uzito wake. Kwa karatasi unaharibu kila kitu. Na manati nawaomba msiyaingize darasani kabisa, kwa ajili ya macho ya watoto.

Wenye simu yenye kamera wanaweza kwenda mbele zaidi. Mwanafunzi mmoja arushe mpira wa tenisi sambamba na ukuta wa matofali, mwingine apige video akiwa mbali, simu ikiwa imesimamishwa juu ya kitu kisichotikisika na ikitazama ukuta moja kwa moja. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ya tatu ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Pima safu moja ya matofali kwa rula, nayo inakuwa kipimo chako ndani ya picha. Kuanzia kileleni mpira utakuwa umeshuka karibu sentimita 5, kisha 20, kisha 44, kisha 78, na katika muda huohuo utakuwa umekwenda mbele kwa hatua zinazolingana. Fanyeni mchana kwenye mwanga mwingi, maana gizani simu nyingi hupunguza idadi ya picha bila kukuambia.

Lakini mpira lazima upite karibu kabisa na ukuta. Simu ikiwa mita 4 kutoka ukutani na mpira ukapita nusu mita mbele ya ukuta, mpira uko mita 3.5 kutoka kwenye simu, na kila umbali utaonekana mkubwa kwa asilimia 14. Wanafunzi watapata g ya 11.2 na kudhani wamekosea hesabu. Anayepata kati ya 9.5 na 10.1 amefanya kazi nzuri. Thamani ya kweli usawa wa bahari hapa karibu na ikweta ni 9.78.

Kuhusu nyuzi 45 kuwa pembe ya kurusha mbali zaidi, nayo ina masharti yaleyale ya usawa mmoja na hewa isiyozuia. Tufe la michezo linatoka mkononi likiwa karibu mita 2 juu ya ardhi. Kwa kasi ya mita 13 kwa sekunde, hesabu inatoa nyuzi 42 na umbali wa mita 19.14, dhidi ya mita 19.05 kwa nyuzi 45. Tofauti ni ndogo, ila bingwa hutupa kwa pembe ya chini zaidi ya hapo, kati ya 35 na 40, kwa kuwa mwili wa mtu hausukumi kwa nguvu ileile katika kila pembe. Kadiri anavyoelekeza juu, kasi ya kutokea inapungua. Walimu wa michezo na wa fizikia katika shule moja wangeweza kulifanya somo hili pamoja uwanjani kwa utepe wa kupimia.

Mkuki nao ni mfano ambao vijana wetu wanaupenda tangu Julius Yego wa Kenya aliposhinda ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Ni mfano mzuri wa kuzungumzia, ila mbaya wa kukokotolea, kwa sababu mkuki unabebwa na kuzuiwa na hewa. Mwaka 1986 mkuki wa wanaume ulibadilishwa kwa kusogeza mbele kitovu cha uzito wake, baada ya Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki kurusha mita 104.80 mwaka 1984, na umbali ukapungua mara moja. Parabola ya daftarini haiwezi kueleza jambo hilo. Mpira wa miguu uliopigwa kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde ni vilevile: ukinzani wa hewa hukaribia uzito wa mpira wenyewe, hivyo zile mita 64 za fomula hazifikiwi uwanjani. Watunzi wa maswali wangetumia jiwe au goroli wakatenda haki.

Jambo la kikokotoo nalipitia haraka, ingawa limewaangusha wengi. Kabla ya mtihani bonyeza sin 30. Isipotoka 0.5, kikokotoo hakiko kwenye nyuzi. Ukiona −0.988 kiko kwenye radiani, ukiona 0.454 kiko kwenye gradi, ambavyo ni vipimo vingine vya pembe.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Kurasa zako za elimu zinapochapisha majibu ya mitihani iliyopita, mchoro wenye safu za mlalo na wima utangulie, na sharti la kila fomula liandikwe kando yake. Kwa walimu wenzangu, ombi ni kwamba kipindi cha goroli kimalizike kwa kikombe. Baada ya wanafunzi kupima kasi, tuseme mita 1.40 kwa sekunde, ondoa karatasi sakafuni na uwape kikombe chenye upana wa sentimita 8 na kimo cha sentimita 9. Wakiweke mahali ambapo goroli itaingia, kwa hesabu tu, na waruhusiwe kuachia mara moja. Wengi watakiweka sentimita 56.6 kutoka kwenye timazi, na goroli itaelekea kugonga ukingo wa karibu na meza badala ya kuingia katikati. Mdomo wa kikombe uko sentimita 9 juu ya sakafu, kwa hiyo kimo cha kuanguka ni 0.71, muda ni sekunde 0.381, na kikombe kinatakiwa kukaa kwenye sentimita 53.3. Waacheni walitafute kosa hilo wenyewe kabla hamjawaambia.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro